MUN ni Nini? Kwa Nini Mwenye Kizungu Mingi Hupigwa na Aliyebeba Karatasi

Ukipanda mat za Limuru Road asubuhi fulani za mwaka, utapata wanafunzi wa sekondari wamepiga suti, tai imebana koo, kila mtu ako na folda kwapani. Usidhani ni harusi. Wanaenda UN pale Gigiri. Kufika saa nne, mmoja wao atakuwa Urusi, mwingine atakuwa Brazil, na yule wa nyuma mwenye koti ya brathe yake atakuwa Chad.

Hiyo kitu inaitwa Model United Nations, ama MUN. Wasee wengi wakiisikia hudhani ni dibeti ya watoi wa mababi wanaoshindana kuongea Kizungu ya mapua. Mi pia nilidhani hivyo. Halafu nikaingia, nikaaibishwa mbele ya watu kama 60, na hiyo aibu ikanifunza kitu ambacho lecturer yeyote hajawahi kunifunza.

Tulia nikuchanulie.

Kwanza, MUN ni nini?

Ni kuigiza UN, lakini kwa sheria zake. Wanafunzi wanagawanywa kwa kamati: Baraza Kuu, Baraza la Usalama, kamati ya mazingira, ya haki za binadamu, na kadhalika. Kila mmoja anapewa nchi. Hauchagui sana. Ukipewa Korea Kaskazini, wewe ni Korea Kaskazini hadi mkutano uishe. Maoni yako ya kibinafsi unawacha kejani, unatetea msimamo wa hiyo nchi hata kama unaona ni upuzi.

Stori yenyewe ni ya zamani. UN ilianza rasmi tarehe 24 Oktoba 1945, lakini miaka ya 1920 tayari wanafunzi wa Marekani walikuwa wanaigiza Ligi ya Mataifa, ile iliyokuwa kabla ya UN. Mkutano mkubwa wa The Hague, Uholanzi, unaitwa THIMUN, na ulianza 1968.

Huku kwetu tuko na bahati ambayo watu hawaioni. Nairobi ndio mji pekee Afrika wenye makao makuu ya UN ya kiwango hicho, pamoja na New York, Geneva na Vienna. UNEP iliundwa 1972 ikaletwa huku. Ndio maana wanafunzi wa sekondari wanaoenda East Africa Model United Nations, ile wanaita EAMUN, hawaigizii kwa dining hall ya shule. Wanaketi kwa vyumba vile vile vya Gigiri ambavyo mabalozi wa ukweli hutumia. Wa vyuo nao wako na mikutano yao, kama ya KMUN.

Siku Chad ilijiaibisha

Sasa sikiza yangu. Nilikuwa first year. Beshte alinishow kuna mkutano wa MUN na lunch iko ndani. Nikakopa roommate doo ya kujisajili, nikapewa Chad kwa kamati ya maji.

Usiku wa kuamkia hiyo siku nilisoma dakika 20 hivi. Nikapata kwamba UN husema Ziwa Chad limepungua kwa karibu asilimia 90 tangu miaka ya 1960. Nikaona hapo nimeomoka. Hiyo ni hotuba tayari.

Nilipoitwa nilisimama nikaongea kama mhubiri wa stage. Ziwa linakufa, wavuvi wanalia, dunia imenyamaza. Watu wakapiga meza. Nikamalizia na pendekezo langu kubwa: nchi nne zinazopakana na hilo ziwa, yaani Chad, Cameroon, Niger na Nigeria, ziunde tume ya pamoja ya kulilinda.

Dame mmoja akainua kibao. Alikuwa Niger. Hakuwa ameongea asubuhi yote. Kwa Kizungu ya kawaida tu, na lafudhi ya kwao, akauliza: je, mjumbe wa Chad anajua kwamba hiyo tume iliundwa mwaka wa 1964, na kwamba makao yake makuu yako N'Djamena, ambayo ni mji mkuu wa Chad?

Manze. Chumba kiliwaka. Mwenyekiti alicheka akasahau kugonga meza. Mi nikasema, "Mjumbe wa Chad atarudi na jibu." Hajawahi kurudi hadi leo.

Lakini hiyo si hata sehemu ya maana. Ya maana ilikuja kwa break. Huyo dame alinifuata nilipokuwa nimejificha karibu na chai. Akaketi. Akanishow karatasi yenye vifungu sita, imeandikwa vizuri. Akasema: Cameroon wamekubali, Nigeria anasumbua, na hii kitu ikienda bila Chad itaonekana ujinga ju tume iko kwako. Nisaidie kifungu cha tatu, jina lako tuliweke hapa juu.

Kufika jioni hiyo karatasi ilikuwa na nusu ya chumba nyuma yake. Ilipita. Huyo dame aliongea kwa maiki mara mbili tu siku nzima. Kulikuwa na mjumbe mwingine, Uingereza, aliyeongea labda mara 15, Kizungu imeenda shule hadi unaskia radio. Karatasi yake ilikosa kura.

Hapo ndio nilijua anayeongoza mjadala si lazima awe ndiye anaongea sana.

Venye mambo huenda, hatua kwa hatua

Sheria hubadilika kidogo kutoka mkutano mmoja hadi mwingine, lakini mifupa ni hii.

Kabla ya siku yenyewe unaandika waraka wa msimamo. Ni ukurasa mmoja ama miwili: nchi yangu inaona nini kuhusu hii shida, imefanya nini tayari, inataka nini. Watu wengi wanairusha tu. Mi niliirusha. Umeona kilichonipata.

Asubuhi kunaitwa majina. Unajibu "nipo", ama "nipo na nitapiga kura". Usichukulie poa hiyo tofauti. Ukisema ya pili, umejifunga: kwa azimio utasema ndio ama hapana, huruhusiwi kujizuia.

Kisha kuna orodha ya wasemaji. Kila mtu anapewa muda mfupi, mara nyingi sekunde 60 ama 90. Na hakuna kusema "mimi". Unasema "mjumbe wa Chad anaamini". Mwanzo inaskika kama wazimu, lakini inasaidia. Ukipingwa, anayepingwa ni Chad, si wewe. Watu wanaoogopa kuongea mbele ya watu hupata ngao hapo.

Halafu kuna kokasi. Hili neno utaliskia hadi uchoke. Ziko mbili.

Ya kwanza ni kokasi ya mpangilio. Mtu anainua kibao anasema: napendekeza tuongee kuhusu ufadhili wa mabwawa, dakika 10, kila msemaji sekunde 60. Ikipigiwa kura ikapita, wasee 10 wataongea kuhusu hiyo mada pekee. Cheki ujanja uliopo: anayependekeza ndiye anachagua chumba kizima kitaongea nini kwa hizo dakika 10, na mara nyingi hupewa nafasi ya kuongea kwanza. Kwa hivyo ukitaka kuongoza bila kupiga kelele, pendekeza mada. Wengine watajipata wanacheza kwa uwanja wako.

Ya pili ni kokasi huru. Kila mtu anatoka kwa kiti. Inakaa kama stage ya Githurai saa moja jioni: watu wanaitana, wengine wanavutana mikono, mtu anaandika akiwa amepiga magoti. Anayechungulia kutoka nje ataona ni fujo, kumbe hapo ndio kazi inafanyika. Kambi zinaundwa, karatasi zinaunganishwa, ahadi zinatolewa. Kama uko huko nje ukipiga selfie na suti, umeshaachwa na basi.

Na kama mtu amevunja utaratibu, unainua hoja ya nidhamu, sawa tu na ile unaona bungeni kwa TV. Tofauti ni kwamba huku ukiitumia vibaya mwenyekiti anakuzima mara moja.

Karatasi ndio iko na nguvu

Mwisho wa haya yote kila kambi inaleta rasimu ya azimio. Iko na sehemu mbili.

Juu ni utangulizi: kwa nini tuko hapa, ni makubaliano gani yako tayari, nani ameshafanya nini. Hapo ndio ile tume ya 1964 ingekaa, na ndio maana kusoma historia si kujisumbua bure.

Chini ni vifungu vya utendaji, vimepewa namba. Kila kimoja kinaanza na kitenzi, na kitenzi ndio mchezo wote. Baraza Kuu "linahimiza", "linaomba", "linapendekeza". Haliwezi kulazimisha nchi. Baraza la Usalama ndilo linaweza "kuamua", na nchi zikafungwa na huo uamuzi. Mjumbe akiandika kwa kamati ya Baraza Kuu kwamba "tunaamuru Marekani ilipe", mwenye kusoma anamcheki hivi, anajua huyu hajafanya homework.

Karatasi ina wadhamini, yaani walioiandika na wanaitetea. Pia ina watia saini. Kutia saini si kukubali, ni kusema tu kwamba hii kitu ijadiliwe. Hapa ndio wajanja hupata namba: unamwendea hata mpinzani unamwambia, "Tia saini tu, ukifika mbele unaweza kuipinga." Wengi hukubali.

Kisha yanakuja marekebisho. Wadhamini wote wakikubali badiliko, linaingia bila kelele. Wakikataa, linapigiwa kura. Huyo dame wa Niger alikubali badiliko moja la Nigeria ambalo halikuharibu kitu, kuhusu nani atasoma ripoti kwanza. Nigeria akaacha kusumbua, akavota ndio. Niliuliza baadaye kwa nini alikubali. Akasema alitaka azimio zima lipite, hiyo sentensi moja angeishi bila yake.

UN ya ukweli iko hivyo hivyo

Unaweza sema hii ni michezo ya watoto. Sawa, basi cheki kwa wakubwa.

Juni 2020 Kenya ilikuwa inapigania kiti cha Baraza la Usalama dhidi ya Djibouti. Ilihitaji theluthi mbili ya kura. Raundi ya kwanza Kenya ilipata 113, Djibouti 78. Tuliongoza kwa mbali na bado haikutosha. Raundi ya pili tukapata 129 kwa 62, na kizingiti kilikuwa 128. Kura moja juu. Fikiria ni simu ngapi zilipigwa usiku huo.

Tukaingia. Tarehe 21 Februari 2022, balozi Martin Kimani akatoa ile hotuba kuhusu Ukraine na mipaka ya Afrika iliyochorwa na wakoloni. Ilizunguka dunia nzima, kila mtu aliishare. Siku nne baadaye Baraza likapiga kura ya kulaani uvamizi: 11 ndio, 3 wakajizuia, Urusi ikasema hapana. Urusi iko na kura ya turufu, kwa hivyo azimio likafa palepale. Hotuba kali ya mwaka, na mkono mmoja ukaangusha 11.

Mambo yakapelekwa Baraza Kuu ambako hakuna turufu. Tarehe 2 Machi likapita: 141 ndio, 5 hapana, 35 wakajizuia. Kenya ilisema ndio. Tanzania na Uganda, majirani wetu kabisa, walijizuia. Azimio lenyewe halikuwa na nguvu ya kulazimisha. Lakini dunia ilijua nani amesimama wapi.

Na ile ilituuma wote: Addis Ababa, Februari 2025, kiti cha mwenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika. Hayati Raila Odinga aliongoza raundi ya kwanza, 20 kwa 18 za Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti, na Madagascar ikiwa na 10. Akaongoza ya pili pia. Lakini kuongoza si theluthi mbili. Kura zikaanza kuhama, na raundi ya saba Djibouti ikatoka na 33 zilizohitajika. Kila Mkenya siku hiyo aligeuka mtaalamu wa hesabu za kura. Msee aliyewahi kucheza MUN alishajua swali lenyewe: Madagascar akitoka, zile 10 zake zinaenda wapi, na nani aliongea nao mapema?

Lakini tuongee ukweli kuhusu doo

MUN si ya kila mtu bado. Kuna ada ya kujisajili. Kuna suti. Kuna fare ya siku kadhaa. Shule kubwa zinaleta wanafunzi waliofunzwa na mwalimu wao wa MUN kwa muhula mzima, halafu kuna yule amekuja na karatasi mbili alizoprinti kwa cyber. Kizungu nayo inaogopesha. Kiswahili hakimo kati ya lugha sita rasmi za UN, ambazo ni Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania, na mikutano mingi ya huku huendeshwa kwa Kizungu. Kuna watu wako na akili za kupanga nchi mzima lakini hunyamaza ju ya kuogopa kuchekwa.

Na kuna wale wanaenda kutafuta tu tuzo ya mjumbe bora. Hao utawajua. Wanaiba mawazo kwa kokasi, wanakimbia kuyasema kwa maiki.

Sitaki kukudanganya kwamba sheria zinafuta hizo tofauti. Hazifuti. Lakini zinapunguza. Sekunde 60 ni sekunde 60, uwe umetoka Runda ama Kayole. Kura ni moja. Na karatasi haina lafudhi.

Niliacha campo, hii sikuiacha

Second year karo ilinishinda, nikatoka. Sina digrii, na sioni kama nitarudi karibuni. Suti ya MUN ilikuwa ya kukopa, nilirudisha.

Mwaka mmoja baadaye niliishi kwa ploti ya nyumba 16. Maji yalikuwa yanakuja Jumanne na Jumamosi. Kila mkutano na landilodi ulikuwa ule ule: watu wanapiga kelele, yeye anangoja wachoke, anasema ataangalia, anaenda. Tulifanya hivyo miezi.

Siku moja nikakumbuka Niger. Nikaandika karatasi moja. Juu, shida: siku ambazo maji yamekuja kwa miezi miwili, nimeziandika moja moja. Chini, vifungu vinne vyenye namba. Tangi la ziada. Tarehe. Nani atashika funguo ya pampu. Rent isipande ju ya hiyo tangi kwa mwaka mmoja. Nikaigonga mlango kwa mlango siku tatu kabla ya mkutano. Mama wa nyumba namba 4 alikataa hadi tuondoe jina lake kwa kifungu cha funguo. Tukaondoa. Nikapata nyumba 11.

Kwa mkutano sikuongea sana. Nilimpa landilodi karatasi. Aliisoma mara mbili, akauliza ni nani wametia saini, akahesabu. Tangi lilikuja baada ya wiki sita. Cha rent alikataa, tukapoteza hicho. Vitatu kwa vinne si mbaya.

Hiyo ndio sababu naandika hii. Kizazi chetu kimejua kuongea. Juni 2024 tulisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, tukautafsiri kwa lugha za kwetu, na rais akakataa kuutia saini. Lakini kusema "hapana" na kuandika "badala yake tunataka hivi, namba 1 hadi 4, na hawa ndio wako nyuma yangu" ni kazi mbili. Ya pili tunahitaji mazoezi.

Unaanzaje bila doo?

Kama uko shule ama chuo, uliza kama kuna klabu ya MUN. Kama haipo, hauhitaji Gigiri kuanza. Tafuta watu 15 uwafanye Baraza la Usalama. Watano wapewe turufu: Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na China. Wengine 10 hawana. Azimio linahitaji kura 9 na lisipigwe turufu na hata mmoja wa hao watano. Katoni ikatwe iwe vibao, saa ya simu ihesabu muda. Mwenyekiti awe mtu hamuogopi kumzima rafiki yake. Na mnaweza kuifanya kwa Kiswahili, hakuna polisi atakuja.

UN wenyewe wameweka mwongozo wa MUN mtandaoni, bure. Rekodi za kura za nchi pia ziko wazi kwa maktaba yao ya kidijitali. Ukipewa nchi, usianze na hotuba. Anza na maswali matatu: nchi yangu ilipiga kura gani hapo awali, inapakana na nani, na ni kitu gani tayari kimeundwa? Hilo la tatu usiliruke. Mi nililiruka.

Halafu ukiingia chumbani, hesabu. Unahitaji kura ngapi, uko na ngapi, na nani hajaamua? Huyo ambaye hajaamua ndiye unaenda kuketi naye kwa chai.

Kwa hivyo swali ni lako: ukipewa nchi moja kesho, ungetaka kuwa nani? Na usiniambie Chad, hiyo bado iko na deni la jibu.